Nani ashike funguo? Jibu kwa mama wa Tanga mwenye saratani ya titi

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 43, naishi Tanga, nina mume na watoto watatu. Mkubwa ni wa kike, yuko kidato cha nne. Mdogo yuko darasa la pili. Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto. Mwaka huu mgongo ukaanza kuuma, nikapimwa, nikaambiwa saratani imeingia kwenye mifupa na sasa ni hatua ya nne. Nameza vidonge kila siku na nakwenda Dar kuwekewa dripu ya kuimarisha mifupa. Mkono wa kushoto umevimba. Kabla ya haya nilikuwa nakaanga vitumbua alfajiri, mimi ndiye kijumbe wa mchezo wa kupeana pesa wa wanawake kumi na wawili mtaani, na katika ukoo wetu mimi ndiye somo wa mabinti, ninayewafunda wanapoolewa. Sasa mavyaa wangu amehamia kwetu anisaidie. Ameshika jiko, ameshika funguo za kabati, na kila nikinyanyuka ananiambia nikae. Wenzangu wa mchezo wanataka kijumbe mwingine ili wasinisumbue. Mume wangu siku hizi anarudi usiku. Binti wa kaka yangu anaolewa mwezi ujao, na nimesikia wameshatafuta somo mwingine. Hakuna anayenitendea ubaya, dada. Lakini nimekuwa mgeni nyumbani kwangu. Nipumzike kama wanavyotaka? Au nikishikilia nafasi yangu nitakuwa najimaliza mwenyewe?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa ugonjwa, na pole zaidi kwa hilo la kuwa mgeni kwako. Nimeuguza kina mama katika tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mkubwa, kwa miaka mingi, wodini na majumbani mwao, na ukiondoa maumivu, lalamiko ninalolisikia kuliko yote kwa wenye saratani iliyosambaa ni hili lako. Wengi hulisema kwa aibu, wakiogopa wataonekana hawana shukrani. Wewe umelisema wazi na umefanya vizuri.

Hutajimaliza. Ila usianze kupigania, kwa sababu huna adui humo ndani.

Kila nafasi ya mwanamke nyumbani na mtaani imeshonwa kwa vitu viwili, kazi ya mkono na kauli. Mpishi anapika, lakini pia ndiye anayesema leo tunakula nini. Kijumbe anapokea pesa, lakini pia ndiye anayeaminiwa. Ugonjwa wako unachukua mkono. Kauli hauwezi kuichukua. Kauli inachukuliwa na watu, tena wanaokupenda, kwa sababu hawajui kwamba hivi viwili vinaweza kufumuliwa, kimoja kikaenda na kingine kikabaki. Basi kaa chini na kila nafasi yako moja moja, uifumue. Mkono ukabidhi wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa mtu uliyemchagua, kabla hujanyang'anywa. Kauli ibaki kwako.

Kwanza nikueleze mwili wako, maana bila hivyo hutajua cha kuachia. Mfupa ulioingiwa na saratani ni kama boriti iliyoingiwa na mchwa. Kwa nje inaonekana nzima. Dripu unayowekewa inausaidia usivunjike, lakini haiurudishi ulivyokuwa. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na huo si mzigo wako tena. Vivyo hivyo kuinama kunyanyua sufuria la wali, kumbeba mtoto, au kujipinda ghafla. Hapo mavyaa wako akisema kaa, kaa. Na jambo hili waambie wote walioko nyumbani: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, mkojo au choo vikigoma au vikitoka bila kutaka kwako, hospitali ni siku ile ile, hata kama ni usiku. Ni dalili kwamba uti wa mgongo unabanwa, na saa chache ndizo zinazoamua kama mtu ataendelea kutembea.

Mkono uliovimba ni habari nyingine. Umevimba kwa sababu tezi za kwapani zimetolewa au zimeziba, maji ya mwili yanakosa njia. Mkono huo hautaki kulazwa tu. Unataka kazi nyepesi, kukunja na kukunjua, kuinuliwa juu ya mto unapopumzika, na kufungwa bandeji maalumu kama muuguzi wako anaweza kukufundisha. Unachokiogopa ni jeraha. Mkato wa kisu au tone la mafuta ya moto kwenye mkono ule linaweza kuleta maambukizi yanayopanda haraka. Ukiuona umekuwa mwekundu, wa moto na wewe una homa, usingoje siku ya kliniki.

Halafu kuna uchovu. Huu hauishi kwa kulala, ndiyo maana watu wa nyumbani hawauelewi. Mwambie daktari akupime wingi wa damu, na mweleze kama moyo umeinama siku nyingi mfululizo, maana sababu zote mbili zina tiba. Kisha jichunguze wiki moja uone nguvu zako zinakuja saa ngapi. Wengi huwa nazo asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita. Saa hizo ndizo mali yako. Usizitumie kufua. (Kwa wasomaji wanaopata dripu za dawa za saratani kila baada ya wiki tatu: wengi wenu mnaanguka wiki ya kwanza na ya pili, mnasimama wiki ya tatu. Sherehe, safari na vikao vyenu vipangeni wiki ya tatu.)

Na maumivu. Mtu anayeumwa hana nafasi yoyote katika jamii, ana maumivu tu. Kama mgongo bado unakunyima usingizi, usikubali kuondoka kliniki na panadoli peke yake. Uliza juu ya mionzi kwenye mfupa unaouma. Mara nyingi dozi moja tu, siku moja, inatosha kupunguza maumivu katika wiki zinazofuata. Uliza pia juu ya morfini ya maji. Najua jina lake linatisha. Watu wanadhani ni dawa ya kukatia roho, au kwamba utakuwa teja. Ikipimwa vizuri, unakunywa kila baada ya saa nne pamoja na dawa ya kulainisha choo, na unabaki na akili zako. Jirani zetu wa Uganda, tangu Hospice Africa ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993, wameizoea kiasi kwamba mwaka 2004 sheria yao iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Kina mama wanakuwa na chupa yao nyumbani na wanaendelea na shughuli. Mwenye chupa anaweza kukaa kwenye mkeka na wenzake, na asiye nayo anabaki chumbani akiukabili ukuta.

Sasa niseme kwa nini familia yako inafanya inavyofanya. Mwanasosholojia wa Marekani, Talcott Parsons, alieleza mwaka 1951 kwamba hata kuugua ni wadhifa wenye masharti yake. Mgonjwa anasamehewa majukumu na halaumiwi kwa kuugua. Kwa upande wake anadaiwa ajitahidi kupona na amsikilize tabibu. Mkataba huo unafaa sana kwa malaria au mguu uliovunjika: unalala, wenzako wanakupikia, unapona, unarudi jikoni. Familia yako inakutendea kwa mkataba huo. Lakini saratani iliyofika kwenye mifupa hatuiondoi, tunaitiisha. Kwa vidonge vya homoni na dripu ya mifupa, wapo wanaoishi nayo miaka, na mtu hawezi kusamehewa majukumu miaka. Hiyo tena ni kustaafishwa na hukuomba. Kwa hiyo lazima wao na wewe muandike mkataba mpya, na kwa kuwa wao hawajui kwamba ule wa zamani hauendani na ugonjwa huu, kalamu ni yako.

Tuanze na jiko, kwa kuwa ndiko kunakokuuma.

Mavyaa wako hakuja kukupindua. Mama wa watu ameacha nyumba yake na kitanda chake, amekuja kumtumikia mke wa mwanawe. Kwa umri wake, hofu aliyonayo anaitolea jikoni. Usimwendee na madai ya funguo. Mngoje alasiri watoto wakiwa nje, uketi naye, umwambie: "Mama, umenibeba, na Mungu akulipe. Sufuria limenishinda, mgongo wangu umekataa. Lakini daktari amesema akili yangu isilale. Naomba unipe kazi yangu moja humu ndani." Kisha taja kazi hiyo kwa jina, na iwe ile yenye kauli.

Nikupe mfano. Kulikuwa na mama niliyekuwa nikimtembelea nyumbani, ugonjwa wake mbele ya wako, hawezi kukaa bila mito mitatu mgongoni. Kila jioni mwanaye alimwekea mapajani sinia la mchele na kikombe cha bati. Alipima mwenyewe, taratibu, kwa mkono mmoja, huku akihesabu watu: "Baba yenu, wewe, wadogo zako wawili, bibi. Mjomba leo halali hapa. Vikombe vinne na nusu." Akipapasa mchele, akitoa kijiwe akikiona, akikiweka pembeni ya sinia. Kisha anafungua pindo la khanga yake, anatoa pesa ya nazi na nyanya, anarudishiwa chenji, anaifunga. Yote hayo hayakuzidi dakika kumi, na baada yake alikuwa amechoka kabisa. Lakini hapakuwa na mtu nyumba ile aliyekula bila yeye kujua anakula nini. Alipima hivyo kwa miezi saba.

Ndiyo maana nikakuuliza pale juu, nani ashike funguo. Sufuria na mwiko vimwachie mavyaa, na mwachie kweli: akitia chumvi nyingi, nyamaza. Funguo za kabati omba zirudi kwenye pindo lako. Ni nyepesi, hazitauvunja mgongo.

Vitumbua usiviache, vigawe. Mafuta ya moto na mkono ule havipatani, hilo halina mjadala. Lakini wateja wako hawakuja kwa sababu ya mkono wako unaogeuza kitumbua kwenye chuma. Wamekuja kwa mchanganyiko wako: mchele ulioloweshwa kiasi gani, nazi nzito au nyepesi, iliki kiasi gani, hamira iumuke hadi lini. Tafuta kijana au jirani anayehitaji kipato, muwe washirika. Usiku unga unakorogwa mbele yako, unaonja na kurekebisha. Alfajiri yeye anakaanga na kuuza, na faida mnagawana kwa mapatano mliyoyasema mbele ya shahidi. Nakuonya kwa jambo moja, usimpe kazi hii binti yako wa kidato cha nne. Nimeona mara nyingi sana: kazi zinazomponyoka mama hazimwangukii baba wala mtoto wa kiume, zinamwangukia binti mkubwa, kimyakimya, mpaka siku matokeo yanapotoka ndipo watu wanashangaa. Ana mtihani wa taifa Novemba. Mpangie saa zake za kusoma na uzilinde wewe, na hiyo peke yake ni kazi ya mama isiyohitaji mgongo.

Mchezo hautanichukua muda. Waite wenzako kumi na wawili, au zungumza na wawili wanaosikilizwa. Waambie kutembea nyumba kwa nyumba kukusanya kumekushinda, pesa zije kwa simu au mmoja wao apite, na daftari liandikwe na mwenye macho mazuri. Lakini zamu ya nani kula, na ugomvi wa nani kachelewa, waje barazani kwako. Siku za safari ya Dar, msaidizi anakaimu. Wakikataa baada ya kueleza hivyo, mpe daftari mwenzako hadharani, hesabu zikiwa zimekamilika hadi shilingi ya mwisho, ubaki mchezaji. Kuacha ukijumbe kwa hesabu safi ni heshima.

Mume wako. Sitamsemea kwa sababu simjui, na sitakudanganya kwamba wanaume wote hukaa. Wapo walioondoka. Lakini wengi wanaorudi usiku, nikiwapata peke yao, naona wanaikimbia sura ya mke anayeumwa ambaye hawajui wamfanyie nini. Mwanamume wa kwetu hulelewa kutatua jambo. Akikosa la kutatua anakwenda kukaa kijiweni. Mpe la kufanya lenye kipimo. Yeye ndiye wa kuandika tarehe za Dar, kutunza faili, na kuingia na wewe kwa daktari kuuliza maswali matatu mliyoyaandika nyumbani. Nimewaona wanaume waliokuwa wagumu kama jiwe wakibadilika baada ya kukaa kwenye benchi lile la kliniki kutwa nzima.

Na kuna unyumba, ambao kwenye barua hukuugusa, lakini nadhani umo. Saratani haiambukizi, si kwa unyumba, si kwa kula sahani moja, si kwa kulala kitanda kimoja. Kuna wanaume wanaoogopa hivyo na hawasemi. Wengine wanaogopa kukuumiza mgongo, wewe unadhani wanaogopa kovu. Vidonge vya homoni huleta ukavu na joto la ghafla. Kuna vilainishi vya maji vinauzwa famasi, ila krimu yoyote ya homoni usiitumie bila daktari wako kujua. Kama tendo lenyewe halitakiwi wala haliwezekani, semeni hivyo, halafu mlale karibu. Akuweke mto mgongoni, akukande mkono uliovimba kuelekea juu, taratibu, kama muuguzi atakavyomwonyesha. Mikono ya mume inayojua ifanye nini haina haraka ya kutoka nje.

Hukutaja kidonda, lakini wapo wanaosoma hapa wakiwa na kidonda cha titi kilichofumuka, na kwao hakuna nafasi yoyote ya kijamii inayobaki kwa sababu ya harufu. Wanajitenga kabla hawajatengwa. Sikilizeni: harufu ile ina dawa. Kidonda kinasafishwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, kisha unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa unanyunyizwa juu na kufunikwa kwa kitambaa safi, kila siku. Muombeni muuguzi awaelekeze. Nilimhudumia mama mmoja ambaye hakuingia kanisani miezi mitano. Tulipokidhibiti kidonda chake alirudi kukaa kwaya, benchi la nyuma, hakuimba, alishika tu kitabu. Mhudumu aliyemwambia mwanzoni kwamba "hali hiyo ni ya kuvumilia tu" alimwibia miezi mitano ya maisha, na bado jambo lile linaniuma.

Nije kwenye misiba. Hukuuliza, lakini kila mwanamke wa pwani mwenye ugonjwa huu ninayezungumza naye kwa muda mrefu hufika huku. Mtaani kwetu mwanamke anajulikana kwa misiba aliyohudhuria. Amelala matanga ya nani, amemenya vitunguu vya nani, ameosha masufuria ya nani. Kuzikana ni deni la kuzunguka. Ndiyo maana mama asiyeweza tena kwenda msibani anaingiwa na hofu ambayo madaktari hawaielewi. Anajiuliza, mimi nisiyekwenda kwa watu, kwangu watakuja? Kuna mama aliyetoroka kitandani na mifupa yake kama yako, akapanda bodaboda kwenda msiba wa jirani, akarudi amevunjika nyonga. Watoto walimgombeza. Mimi sikumgombeza, nilielewa alikwenda kulipa nini.

Lilipe deni hilo kwa njia nyingine, na lijulikane linalipwa. Usikike ndani ya saa za kwanza: piga simu kwa mfiwa mwenyewe, usitume ujumbe. Tuma mtu kwa jina lako, na atamke, "Nimetumwa na fulani, yeye hawezi kutoka," na mchango wako uandikwe kwa jina lako hata kama ni shilingi elfu mbili. Kisha, na hili ndilo wengi hawalifikirii, chukua zamu ya baadaye. Matanga yakianuliwa watu wote hutawanyika, na mfiwa hubaki peke yake na ukuta. Mwite kwako siku ya kumi, ya ishirini, mkae barazani. Wewe huna haraka ya kwenda popote. Mtaani kote hakuna mwenye muda kama wewe, wala anayeijua huzuni kama wewe. Nimewaona kina mama wawili waliokuwa wanyonge kabisa wakawa ndio wanaoendewa na wajane.

Wageni wako wewe nao wapangie. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni kweli kwamba anayetembelewa hupata nguvu. Lakini mgeni wa sita kwa siku anayetaka kusimuliwa ulivyogundulika anakumaliza. Binti asimame mlangoni na jibu moja: mama anapokea watu saa kumi hadi saa kumi na mbili. Anayeuliza akusaidie nini, mpe kazi ndogo ya kweli, kama kuchota maji, kumsindikiza mdogo shule, kununua dawa. Na anayekuja na habari za kurogwa, au za dawa ya mtaani inayotaka uache vidonge vyako, mshukuru, mpe chai, na vidonge usiache.

Watoto. Mdogo wa darasa la pili anajua kuna jambo; watoto wa umri ule wasipoambiwa hudhani wao ndio wamelileta kwa utundu wao. Mwambie kwa maneno mafupi: mama ana ugonjwa unaoitwa saratani, hukuusababisha wewe, hauambukizi, madaktari wanausaidia lakini hauondoki wote. Akiuliza kama utakufa, usimwapie kwamba hutakufa. Mwambie, "Leo nipo. Kukiwa na jambo jipya nitakuambia mimi mwenyewe." Mkubwa mwambie zaidi, na mwambie mapema kuliko shangazi zake.

Kina mama wa Uganda waliokuwa na VVU miaka ya 1990 walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa siku gani, mvua ilikuwa inanyesha au la, nani alikupa jina na kwa nini, babu zako walitoka wapi, ulianza kutembea ukifuata nini. Nakuomba uanze chako. Daftari la kaunta linatosha, kila mtoto na lake, ukurasa mmoja kwa siku zenye nguvu. Mkono ukichoka, sema kwenye simu, binti aandike. Humo humo tia mambo ya watu wazima: nani umemchagua asimamie masomo yao, cheti cha kuzaliwa kiko wapi, mchele wa vitumbua unaloweshwaje. Wosia wako uandike mbali na daftari hilo, mbele ya mashahidi, na usiogope kwamba kuandika kunaita kifo. Nina wagonjwa walioandika na bado wananipigia simu za Idi.

Kwa walioajiriwa, neno moja. Sheria ya ajira ya Tanzania bara inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Msizimalize kwa mkupuo mwanzoni wakati bado mna nguvu. Ombeni kwanza kubadilishiwa kazi: mwalimu apunguziwe vipindi, muuza duka apewe kiti.

Namalizia na harusi, kwa kuwa ni mwezi ujao na ndiyo yenye haraka.

Usingoje kuitwa. Mpigie wifi yako leo, usimuulize kwa nini wametafuta mtu. Mwambie: "Nimesikia mmempata wa kunisaidia, nashukuru, maana kusimama usiku kucha siwezi. Yeye awe mkono, mimi nitakuwa mdomo. Mwali aletwe kwangu." Mwali aje jioni mbili tatu kabla ya siku yenyewe, akae nawe chumbani mlango ukiwa umefungwa, umpe maneno yake. Nyimbo, ngoma na kusinga avifanye mwenzako. Umfundishe na hili ambalo masomo wa zamani hawakulifundisha: ajue matiti yake, na akiona uvimbe asingoje uume. Likitoka kwako atalisikia.

Siku ya shughuli usiamkie huko. Lala hadi saa nane mchana. Dawa yako ya maumivu imeze nusu saa kabla ya kutoka. Nenda na kiti chenye mgongo na mto wako, ukae karibu na mlango, miguu isining'inie. Kaa saa mbili, na aliyekuleta ajue kwamba saa mbili zikiisha anakuja kukuchukua bila kuuliza. Ukiwa umevaa dera, pamba iliyokunjwa vizuri ndani ya sidiria inatosha upande wa kushoto, na kama hutaki kuweka chochote, usiweke.

Doti ya khanga atakayofungwa mwali usimwachie mtu kuichagua. Kama dukani hufiki, waambie wakuletee tatu nne nyumbani, uzitandaze kitandani asubuhi saa ya nguvu zako, usome majina yake yote, ndipo uchague.